Kanombe, Afisi za Serikali na Jina la Jirani



Asimamaye leo Kanombe huona ndege zikishuka, huona kambi ya askari na hospitali yake, na asubuhi huona watu wakingoja muhuri mlangoni pa afisi ya umurenge. Ni vigumu kudhani ya kuwa zamani hapa palikuwa shamba. Basi yafaa tukumbushane jinsi mji ulivyotufikia, na jinsi afisi zake zilivyowaandika watu. Kwani habari hizi mbili zimefungamana.

Mwaka 1907 Mjerumani Richard Kandt, Rezidenti wa kwanza wa Serikali yake katika Rwanda, alijenga kituo Kigali, juu ya kilima cha Nyarugenge. Mwami Yuhi Musinga alikuwa na makao yake Nyanza, upande wa kusini. Kigali ilipendelewa kwa kuwa ni katikati ya nchi. Pamoja na Wajerumani walikuja askari, makarani, wakalimani na wachuuzi kutoka pwani na bara. Wengi wao walikuwa Waislamu, na lugha yao ya kazi ilikuwa Kiswahili. Mwaka 1913 ukajengwa msikiti wa kwanza katika nchi hii, uitwao Al-Fatah.

Mwaka 1916 Wabelgiji waliishika nchi, na afisi kubwa ikawa Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo. Wazee wetu wakaandikwa “Waswahili”, wakahesabiwa wageni, hata wale waliozaliwa hapa na mama Mnyarwanda. Wakatengewa mtaa wao, na kutoka humo kulitaka ruhusa. Shule zilikuwa mikononi mwa misheni, na mzazi aliyechelea mwanawe asibadilishwe dini alimweka nyumbani. Hivyo watu waliotangulia kuishika kalamu ya Serikali, wajukuu wao walikuja kuwa wa mwisho kuipata.

Katika miaka ya 1930 afisi hizo zilifanya jambo jingine zito zaidi: kila mtu mzima alipewa cheti kilichoandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Wakati ule kilionekana kuwa ni karatasi tu ya kodi.

Tarehe 1 Julai 1962 Rwanda ilipata uhuru, na Kigali, mji wa watu wapatao 6,000, ukafanywa mji mkuu. Mwaka 1964 Waislamu wakaunda chama chao, AMUR, ili wapate mlango mmoja wa kusemea mbele ya Serikali. Wizara zikaongezeka vilimani, na uwanja wa ndege ukajengwa Kanombe; lakini komini ya Kanombe yenyewe ilibaki ikihesabiwa katika Kigali ya vijijini.

Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Habyarimana ilitunguliwa ilipokuwa ikija kutua, ikaanguka hapa petu. Yakafuata mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Vizuizini hakuulizwa mtu tabia yake wala ujirani wake, kiliulizwa cheti. Katika mitaa ya Waislamu, Biryogo ikiwamo, wengi waliwaficha waliowindwa, kwa kuwa waliwajua kwa majina ya nyumbani. Tusijisifu kupita kiasi: walikuwako pia katika sisi waliotenda dhambi hiyo. Baada ya hapo kabila liliondolewa katika vitambulisho.

Mwaka 2006 jiji la Kigali lilipanuliwa, likagawanywa wilaya tatu, Nyarugenge, Gasabo na Kicukiro, zenye mirenge 35. Kanombe ikawa umurenge wa Kicukiro. Hesabu ya watu ya 2022 ilionyesha jiji lina wakaazi zaidi ya milioni 1.7. Na mwaka 2017 Kiswahili, lugha iliyokuwa alama ya ugeni wetu, kilifanywa lugha rasmi ya nchi.

Ndugu zangu, babu zetu waliishi karibu na afisi isiyokuwa yao. Leo ni yetu, nayo inatutaka. Twende akagari kuandikisha watoto mapema. Tuwasomeshe wasichana kwa wavulana. Tutoke kwenye umuganda Jumamosi ya mwisho ya mwezi, tushike jembe pamoja na jirani asiye wa dini yetu. Na kila aliyeketi nyuma ya meza ya Serikali miongoni mwetu akumbuke uzito wa neno moja alilolitia katika karatasi ya mtu.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, na atujaalie kujuana kabla ya kuandikana. Amin.