Bisha Mlango Wako Mwenyewe

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii hunijia kila nisomapo historia ya mitandao ya kompyuta, kwani milango mingi iliyoingiliwa na wezi iliachwa wazi na wenye nyumba.

Mwaka 1988 wahandisi wa Marekani walitunga utaratibu uitwao SNMP, ili fundi mmoja aweze kuvisimamia vifaa vya mtandao akiwa mbali: kuviuliza hali yake na hata kubadili mipangilio yake. Lilikuwa jambo jema. Lakini neno la siri lilisafiri bila kufichwa, tena vifaa vingi vilitoka kiwandani na neno moja tu, "public", yaani "la umma". Asiyelibadili alimwachia mpita njia ramani ya nyumba yake. Na neno la kubadilia mipangilio likibaki la kiwandani, alimwachia na funguo.

Mtu atajuaje kwamba mlango wake u wazi? Mwaka 1993 Dan Farmer, Mmarekani, na Wietse Venema, Mholanzi, walijibu katika makala yao: jaribu kuingia kwako kama aingiavyo mwizi. Aprili 1995 wakatoa bure programu iitwayo SATAN, iliyobisha huduma za kompyuta moja moja na kuorodhesha zenye kasoro. Kelele zikazuka kwamba wezi wamepewa silaha. Farmer akapoteza kazi yake katika kampuni ya Silicon Graphics. Kwa waliochukizwa na jina, mliwekwa amri ndogo ya kuligeuza liwe SANTA.

Hofu ile haikuwa ya bure, maana chombo kimoja humtumikia mlinzi na mwizi. Lakini Desemba 1996 Farmer alitangaza matokeo ya kupima mitambo ipatayo 2,200, ikiwamo ya mabenki na magazeti, bila kuivunja. Zaidi ya asilimia 60 ya mitambo ya taasisi kama hizo ilikuwa na udhaifu mkubwa. SATAN haikuuleta udhaifu huo. Wenyewe hawakuwa wamejikagua.

Leo shirika la Shadowserver huipima intaneti kila siku na kuwaarifu wenye vifaa ambavyo SNMP yake bado inawajibu wageni.

Katika miaka yangu ya ualimu mkuu niliona kwamba shule inayojikagua yenyewe haitetemeki gari la mkaguzi liingiapo. Ndugu msomaji, mwizi hangoji ruhusa ya kubisha. Heri umtangulie.