Mkuu wa Chuo Kutoka Butiama

Mwaka 1934 Julius, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Butiama, aliingia shule ya Mwisenge, Musoma, akiwa na umri wa miaka 12 hivi. Wazanaki wengi wa rika lake walibaki wakichunga. Tofauti hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo inayotufumbulia mwenendo wake alipokuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki tangu 1963, kisha cha Dar es Salaam, 1970 hadi 1985.

Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa kwa lazima, ambamo wangekatwa sehemu kubwa ya mishahara yao. Bango moja lilidai kwamba afadhali ukoloni. Mwalimu aliwafukuza wapatao 400 warudi makwao, akapunguza na mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi walirudishwa baadaye. Hoja yake ilikuwa ya haki, kwani aliyewasomesha alikuwa mkulima, kama yule wa pamba kule Bunda. Lakini adhabu ile, tusiifiche, iliwafunza wasomi kunyamaza, na chuo hakikuundwa kwa kazi hiyo.

Machi 1967 alitoa Elimu ya Kujitegemea, andiko lililosomwa mbali nje ya Afrika. Juni 1976 waelimishaji wa watu wazima kutoka nchi nyingi walikutana Dar es Salaam, akawahutubia juu ya elimu imkomboayo mtu. Nchini mwake kisomo hicho kilikwisha kuwafikia wazee wasiopata kuingia darasani utotoni.