Baridi Inayohesabiwa Kwenye Mita: Hoja Kuhusu Upoezaji Mdogo wa Vigunduzi vya Fotoni, kwa Kuzingatia Mulot

Tangu mwaka 2016, watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham pamoja na kampuni ya Helium One walipotangaza kuwepo kwa akiba kubwa ya gesi ya heliamu katika bonde la Rukwa nchini Tanzania, imekuwa rahisi kudhani kwamba Afrika Mashariki imekaribia kujitosheleza kwa baridi kali inayohitajiwa na fizikia ya kisasa. Dhana hiyo ina mvuto, kwa kuwa heliamu huchemka kwenye Kelvini 4.2, yaani takriban nyuzi 269 za Selsiasi chini ya sifuri, na hakuna kimiminiko kingine cha kawaida kinachofikia baridi hiyo. Hata hivyo, makala hii inaikataa. Kinachokosekana si gesi, bali ni mashine ndogo inayoweza kuzalisha baridi kwa umeme kidogo na kustahimili siku ambayo umeme umekatika. Na mahali panapofaa kuipima mashine hiyo ni mji mdogo kama Mulot, ulioko mpakani mwa kaunti za Bomet na Narok, ukingoni mwa ukanda wa chai.

Kuhusu kigunduzi cha fotoni ambacho mashine hiyo ingekipoza hakuna ubishi mkubwa. Supakondakta ni maada ambayo ikipozwa chini ya kiwango fulani cha joto hupitisha umeme bila ukinzani wowote, hali iliyogunduliwa na Heike Kamerlingh Onnes mjini Leiden mwaka 1911. Mwaka 2001 kundi la Gol'tsman mjini Moscow lilionyesha kwamba utepe wa nitridi ya niobi wenye unene wa nanomita chache, ukipozwa na kupitishiwa mkondo wa umeme ulio karibu na kikomo chake, hupoteza hali hiyo kwa muda mfupi mno unapopigwa na fotoni moja, yaani chembe moja ya nuru, na hapo hutoa mpwito wa volti unaoweza kuhesabiwa. Ufanisi wa vigunduzi hivyo ulifika asilimia 93 mwaka 2013 na asilimia 98 mwaka 2020. Mashindano hayo ya asilimia yametawala sehemu kubwa ya maandishi ya fani hii, na hapo ndipo kasoro ilipo, kwa sababu asilimia hizo huhesabiwa kwenye kipande cha utepe, ilhali gharama huhesabiwa kwenye mita ya umeme.

Swali la kwanza ni kwa nini kigunduzi cha aina hii kiwekwe Mulot. Jibu linatokana na tabia ya nyuzi za kioo zinazobeba mawasiliano. Nuru ya urefu wa wimbi wa nanomita 1,550 hupungua kwa takriban desibeli 0.2 kwa kila kilomita, hivyo baada ya kilomita 100 hubaki fotoni 1 tu kati ya 100. Katika usambazaji wa funguo za siri kwa njia ya kwanta, ambapo kila fotoni hubeba habari yake, vikuza mawimbi vya kawaida haviwezi kutumika, kwa kuwa vinaharibu habari hiyo. Itifaki iliyopendekezwa na Lo, Curty na Qi mwaka 2012 inaviweka vigunduzi katikati ya njia, na pande mbili zinazowasiliana hubaki na vifaa vya kutuma tu. Basi ikiwa siku moja Narok na Kericho zitaunganishwa kwa njia hiyo, sehemu ngumu kuliko zote haitakuwa Narok wala Kericho, bali mji wa soko ulio kati yake.

Ushahidi mkuu wa hoja hii unapatikana katika baridi ambayo wafugaji wa Bomet wameizoea kwa miongo mingi, nayo ni mtungi wa naitrojeni. Kituo cha Kabete kilichoanzishwa mwaka 1946, ambacho leo kinashughulikia rasilimali za jenetiki za mifugo nchini, huhifadhi mbegu za madume katika naitrojeni ya kimiminiko yenye baridi ya Kelvini 77, na mhudumu wa uhimilishaji, yaani upandikizaji wa mbegu kwa ng'ombe, huzibeba hadi bomani ndani ya mtungi wenye kuta mbili zilizotenganishwa na ombwe. Mfumo huo umefaulu kwa sababu mashine ya kuzalisha baridi haihitajiki kijijini. Kinachosafirishwa ni baridi yenyewe, na umeme ukikatika Mulot mbegu haziharibiki. Mtu anaweza kudai kwamba heliamu ya Rukwa ingesambazwa vivyo hivyo. Dai hilo linavunjwa na joto fiche la uvukizaji, yaani kiasi cha nishati kinachohitajika ili kimiminiko kigeuke mvuke. Lita moja ya naitrojeni hufyonza takriban kilojouli 160 kabla ya kuisha, ilhali lita moja ya heliamu hufyonza takriban kilojouli 2.6 tu. Kwa hiyo joto la wati moja linalopenya ndani ya mtungi humaliza nusu lita ya naitrojeni kwa siku, lakini humaliza zaidi ya lita 30 za heliamu katika muda uleule. Mtungi unaomtosheleza mhudumu wa mifugo kwa wiki kadhaa usingemtosheleza mtafiti hata kwa siku moja. Mfano wa mtungi, pamoja na mafanikio yake yote, unakoma kwenye Kelvini 77, na kuanzia hapo mashine haina budi kuwepo mahali penye kazi.

Mashine zinazotumika sana leo ni za mzunguko uliofungwa, ambamo kompresa hubana heliamu ileile kwa miaka, kwa hiyo wingi wa gesi ya Rukwa hauna uzito mkubwa katika uendeshaji wake. Uzito uko katika umeme. Mashine ndogo ya kawaida ya aina ya Gifford–McMahon huondoa takriban wati 0.1 za joto kwenye Kelvini 4 huku ikitumia takriban wati 1,200 ukutani. Kanuni ya Carnot inaonyesha kwamba mashine kamilifu ingefanya kazi hiyo kwa wati 7 na nusu hivi. Zilizobaki ni upotevu. Kwa saa 24 mashine hiyo hula karibu uniti (yaani kilowati-saa) 29, kiasi kinachokaribia uniti 30 ambazo ndizo kikomo cha mwezi mzima kwa wateja wa daraja la chini kabisa la majumbani katika bei za umeme za Kenya zilizotangazwa mwaka 2023.

Tatizo la pili ni kukatika kwa umeme, jambo lisiloweza kupuuzwa katika ukanda unaofahamika kwa radi na mvua ya mawe. Kwenye Kelvini 4 metali hazina akiba ya baridi: kilo moja ya shaba, ambayo katika joto la kawaida huhitaji jouli 385 ili ipande kwa Kelvini 1, huhitaji pale takriban jouli 0.1 tu. Kompresa ikizimika, kigunduzi hupoteza uwezo wake ndani ya dakika chache, na kukirudisha huchukua saa nyingi. Ichukuliwe kwamba umeme hukatika mara moja kila siku na kwamba kupoza upya huchukua saa 12. Kigunduzi chenye ufanisi wa asilimia 90 kitakuwa kikifanya kazi nusu ya siku, na ufanisi wake halisi hautazidi asilimia 45. Kigunduzi cha asilimia 60 kisichozimika kinakishinda.

Njia ya kutoka hapo inaonekana. Utepe wenyewe hutoa joto dogo mno, na sehemu kubwa ya mzigo hutoka kwenye nyaya na mnururisho, kwa hiyo miliwati moja ya upoezaji inaweza kutosha pale ambapo mashine za leo hutoa mia. Watafiti wa NIST, taasisi ya viwango na teknolojia nchini Marekani, walieleza mwaka 2017 mfumo mdogo unaofika Kelvini 2.2 kwa hatua ya mwisho ya Joule–Thomson, ambapo heliamu iliyobanwa na kupozwa tayari hupoa zaidi inapopenyezwa kwenye tundu jembamba. Mashine ya aina hiyo ikifikishwa kwenye wati 250, saa nne za giza zitahitaji uniti moja tu, kiasi kinachokaribia uwezo wa betri moja ya sola ya volti 12 na ampea-saa 100, ambayo fundi yeyote wa Bomet anaijua.

Inaweza kupingwa kwamba vigunduzi vya semikondakta, vinavyopozwa kwa umeme bila heliamu, vinatosha. Kwa kufundishia vinatosha. Lakini katika masafa ambayo yamebakiza fotoni 1 kati ya 100, ufanisi wake mdogo na mipwito ya uongo inayoweza kufuata mpwito wa kweli huvifanya viwe akiba duni. Tepe za supakondakta za joto la juu, zilizoonyeshwa mwaka 2023 kuhesabu fotoni kwenye takriban Kelvini 20, zinatia moyo zaidi, na zikikomaa zitapunguza mzigo wa mashine kwa kiasi kikubwa.

Vyuo vikuu vya ukanda huu na wafadhili wao wanapaswa, kabla ya kuagiza kigunduzi chochote, kudai takwimu tatu ziandikwe kando ya asilimia ya ufanisi: wati zinazotumika ukutani, saa za kupoza upya baada ya umeme kukatika, na muda kabla ya kuhitajika fundi kutoka ng'ambo. Mashine itakayofaulu kwa vipimo hivyo Mulot itafaulu popote katika Afrika Mashariki, na ile itakayoshindwa Mulot haijawa ndogo, hata kama inaenea juu ya meza.