Reli ikihujumiwa, ni nani humlipa mwenye mzigo?

Reli ya Nanyuki, inayopitia Sagana, Karatina na Kiganjo karibu na mji wa Nyeri, ilifika kikomo chake mwaka wa 1930, nayo haivuki mpaka wowote. Hata hivyo, mfanyabiashara wa Karatina atakayetuma mzigo Kampala kwa garimoshi hana budi kuupitisha Nairobi, ambako tawi hilo huungana na njia kuu ya kuelekea Uganda. Reli iking'olewa Kibera, hasara humfikia yeye pia.

Ndivyo ilivyokuwa Januari 2008. Kufuatia mzozo wa uchaguzi wa urais wa Desemba 2007, vijana waliing'oa reli mtaani Kibera. Mizigo ya Uganda na Rwanda ikakwama na mafuta yakaadimika huko. Reli za Kenya na Uganda zilikuwa mikononi mwa kampuni ya Rift Valley Railways tangu Novemba 2006, kwa mkataba wa miaka 25.

Aliyeharibu reli ni nadra kujulikana, na akijulikana hana cha kulipa. Msafirishaji kwa kawaida hujikinga kwa kifungu cha mkataba kinachomwondolea lawama ghasia zinapozuka. Nazo kampuni nyingi za bima huziacha nje ghasia za kisiasa, isipokuwa mteja awe amelipia kinga hiyo kando. Wengi hugundua hilo wakiwa wamekwisha kupata hasara.

Husalia serikali. Sheria ya Kenya humpa mlalamishi miezi 12 kuishtaki kwa madhara ya aina hii, na ni juu yake kuthibitisha kwamba ilizembea. Akishinda, bado hawezi kuipiga mnada mali ya serikali ili alipwe.

Wapo wanaotazama Arusha, kwenye Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Mkazi yeyote wa nchi mwanachama aweza kushtaki huko, lakini kwa mujibu wa kifungu cha 30 cha Mkataba wa Jumuiya, ana miezi miwili tu. Mwaka wa 2012 kitengo cha rufaa kilishikilia kuwa muda huo hauongezwi. Mizigo ya watu haikuwa hata imefunguliwa njia, saa ilikwisha kuanza kuhesabu!

Kampuni ya Modern Holdings ilijaribu. Bidhaa zake zinazoharibika upesi zilikwama bandarini Mombasa wakati wa ghasia hizo, nayo ikaishtaki Halmashauri ya Bandari ya Kenya. Februari 2009 mahakama iliitupa kesi bila kuipima hasara yenyewe, kwa kuwa halmashauri hiyo si taasisi ya Jumuiya. Aliyepaswa kushtakiwa huko ni nchi mwanachama.

Mkataba wa Rift Valley Railways ulivunjwa nchini Kenya mwaka wa 2017, na njia ikarejea kwa Shirika la Reli. Ile ya Nanyuki, iliyotelekezwa kwa miaka mingi, ilikarabatiwa mwaka wa 2020. Anayedai fidia kwa shirika hilo hutakiwa kwanza kulipa notisi ya mwezi mmoja kwa maandishi, kisha ashtaki kabla ya miezi 12 kupita tangu siku ya hasara.