Enanga, Amadinda na Piano: Sikio la Utotoni katika Muziki wa Leo

Mtunzi wa muziki huandika kwa mkono wa utu uzima, lakini husikiliza kwa sikio la utotoni. Kauli hii yafaa kupimwa Karagwe, nchi ambayo tangu mwaka 2012 imegawanyika katika wilaya mbili, Karagwe na Kyerwa. Speke na Grant walifika kwa Mkama Rumanyika mwezi Novemba 1861. Katika nchi hiyo, na kwa jirani zao Wahaya, hupigwa enanga: ubao mnene uliochongwa mfano wa hori, ukapitishiwa uzi mmoja mrefu kwenda na kurudi. Mpigaji huimba tendi za mashujaa huku akiupiga. M. M. Mulokozi alizichunguza tendi za Wahaya katika tasnifu yake ya uzamivu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1986.

Kaskazini zaidi, Buganda, kuna amadinda. Wapigaji wawili hukaa wakitazamana, kila mmoja akipiga katika nafasi anazoziacha mwenzake. Msikilizaji husikia lahani ambayo hakuna mkono mmoja unaoipiga. Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa kasri ya Kabaka, alimfundisha sanaa hiyo Gerhard Kubik wa Austria kuanzia mwaka 1959.

Maandishi ya Kubik yalimfikia György Ligeti, aliyezaliwa Transylvania mwaka 1923. Kitabu cha kwanza cha Études zake za piano kilikamilika mwaka 1985. Akieleza asili yake, Ligeti alikumbuka kwamba alianza kujifunza piano akiwa na umri wa miaka 14, amekwisha kuchelewa kuwa mpigaji stadi. Upungufu wa vidole vyake ndio uliomsukuma kutunga. Katika utungo wa kwanza, mkono wa kulia hushika vibao vyeupe tu, na wa kushoto vyeusi tu, ambavyo ni vitano katika kila oktava. Afrika ilimjia akikaribia miaka 60, kwa kanda na vitabu.

Justinian Tamusuza, aliyezaliwa Uganda mwaka 1951, alifuata njia nyingine. Yeye alilelewa ndani ya muziki wa Kiganda; utungo wake wa vinanda vinne vya nyuzi ulirekodiwa na Kronos Quartet katika albamu ya mwaka 1992. Alichokisoma mwenzake, yeye alikuwa amekicheza na kukiimba.

Hapo ndipo penye suala zito. Utawala wa machifu ulipofutwa Tanganyika mwaka 1963, enanga ilipoteza baraza la Mkama lililoilea. Tasnifu huhifadhi maneno ya tendi. Haiwezi kumlea mtunzi. Samaki mkunje angali mbichi: mtoto wa Kayanga au Nkwenda asiyeisikia enanga leo, kesho ataijua kama Ligeti alivyoijua amadinda, yaani kwa kusoma habari za jirani, ilhali ni mali ya nyumbani kwake.