Mulango wa Banderdewa: Historia ya Karatasi ya Kuingia Arunachal

Mutu mwenye kutoka katika tambarare za Assam, kaskazini-mashariki ya India, akielekea milimani, anafika mahali panapoitwa Banderdewa. Pale kuna mulango barabarani, na askari wanaulinda. Mutu yule ni Muhindi, amezaliwa India, anapiga kura India, labda ni mwalimu au mufanya biashara. Hata hivi askari anamwuliza karatasi yake, na kama hana karatasi, hapiti. Na mbele yake si inchi ya kigeni! Ni jimbo moja la inchi yake mwenyewe, jina lake Arunachal Pradesh.

Karatasi ile inaitwa ruhusa ya Mustari wa Ndani. Sheria iliyoizaa ni ya mwaka 1873. Wafalme wa Uingereza waliomiliki India wamekwisha kwenda, serikali zimebadilika, vita vimepita, lakini sheria ile ingali na nguvu. Tumeona ni vema kueleza asili yake kwa ndugu zetu wa seminari na kwa wakatekista, kwani inagusa historia ya Kanisa kwa namna ambayo wengi hawaijui.

Mwanzo wa mambo ni chai. Mwaka 1826, kwa mapatano ya Yandabo, wafalme wa Burma waliachia Waingereza inchi ya Assam. Miti ya chai ya porini ilikuwa imekwisha kuonekana kule, na mwaka 1839 kampuni ya kwanza kubwa ya chai ikaanzishwa. Tangu siku ile wazungu wenye mashamba wakasogea polepole kuelekea milima, wakikata musitu. Nyuma yao wakapanda wafanya biashara kutafuta utomvu wa mupira, nta na pembe za tembo, na wengine wakawinda tembo wazima. Hakuna aliyeuliza musitu ule ni wa nani.

Basi musitu ulikuwa na wenyewe. Milimani walikaa Waadi, Wanyishi, Waaka, Wamishmi, Wanokte na makabila mengine mengi, kila moja na luga yake na wakubwa wake. Zamani za wafalme wa Ahom, waliotawala Assam mbele ya Waingereza, makabila fulani ya milima yalikuwa na haki ya kushuka kila mwaka na kupokea vitu, kama nguo na chumvi, katika vijiji vya chini. Desturi ile iliitwa posa. Wafalme waliikubali kusudi wapate amani. Waingereza hawakuifuta, lakini waliigeuza kuwa feza zilizotolewa na serikali, na kabila likikosa, feza zinazuiwa. Wao waliihesabu kuwa zawadi. Watu wa milima waliihesabu kuwa deni. Ugomvi mwingi ulitoka pale.

Kisha, katika milima mingine ya upande wa kusini, kukatokea jambo lililoshitusha serikali yote. Mwezi wa Januari 1871 Walushai walishambulia shamba la chai la Alexandrapore, wakaua muzungu mumoja, James Winchester, na kuchukua binti yake Mary, mutoto wa karibu miaka sita. Jeshi kubwa lilitumwa, na mutoto akapatikana mwaka uliofuata. Gharama ya vita kama ile ilikuwa nzito kuliko faida ya mashamba machache. Ndipo serikali ikaandika sheria ya 1873.

Sheria yenyewe ni fupi. Serikali inaweza kuchora mustari mbele ya milima na kukataza watu kuupita bila karatasi. Mwenye kuupita bila ruhusa analipa faini ya rupia 100 mara ya kwanza. Akirudia, rupia 500, ao kifungo cha miezi mitatu, ao vyote viwili. Utomvu wa mupira, nta na pembe alizokutwa nazo vinaweza kunyanganywa. Baadaye wakaongeza hata vitabu, picha, ramani na vitu vya dini. Tena mugeni hawezi kupata shamba ngambo ya mustari bila ruhusa. Katika miaka 1875 na 1876 mustari ulitangazwa mbele ya wilaya za Lakhimpur na Darrang, chini kabisa ya milima.

Tusidanganyike. Mustari ule haukuchorwa kwa mapendo. Waingereza walitaka chai yao ikae salama na askari wao wasichoke bure. Ngambo ya mustari hawakudai kodi kama chini, lakini hawakujenga shule wala hospitali vilevile. Lakini inatubidi kusema kweli yote: sheria iliyotungwa kwa ajili ya mali ya wageni ilikuja kulinda mashamba ya wenyeji. Katika tambarare za Assam wageni walijaa na wenyeji wengi walipoteza udongo wao, milimani, hapana. Wazee wetu wa Kongo walijua karatasi za wakati wa Wabelgiji, ambazo mwenyeji alipaswa kuwa nazo kusudi aache kwao. Kule milimani karatasi ilidaiwa kwa mugeni mwenye kutaka kuingia, wala si kwa mwenyeji mwenye kutoka. Tofauti hii ni kubwa, na tutaona matunda yake.

Kanisa lilifika milimani pale mbele ya mustari kuwako. Mapadri wawili Wafaransa wa Shirika la Misioni za Paris, Nicolas Krick na Augustin Bourry, walitaka kufika Tibet kwa njia ya inchi ya Wamishmi. Padri Krick alikuwa amekwisha kupita njia ile mara moja na kurudi. Mwaka 1854 walipanda pamoja, na mukubwa mumoja wa Wamishmi, jina lake Kaisha, akawaua wote wawili. Mwaka uliofuata askari wa Waingereza walipanda kumukamata. Hatuwezi kulaumu wakubwa wa wakati ule kwa kuogopa safari za namna hii: kila mugeni aliyeuawa alileta vita, na kila vita ilichoma vijiji vya watu wasio na kosa. Ilikuwa vile tena mwaka 1911, Waadi walipomuua Noel Williamson, mutumishi wa serikali, katika kijiji cha Komsing. Jeshi likapanda, vijiji vikaazibiwa.

Nyuma ya 1873 padri aliyetaka kupanda alipaswa kuomba karatasi kama muuza chumvi. Wasalvatoriani Wadachi walifika Assam mwaka 1890 na kufanya kazi nzuri kati ya Wakhasi. Wakati wa vita vya kwanza vya ulimwengu wakaondolewa, kwa sababu walikuwa Wadachi. Wasalesiani wakapokea misioni mwaka 1922. Lakini milima ya kaskazini ilibaki imefungwa kwao. Sheria ya utawala ya 1935 ilizidisha kifungo: sehemu zile ziliwekwa kando, chini ya mukono wa gavana peke yake.

Uhuru ulipofika, tarehe 15 Agosti 1947, wengi walizani mustari utafutwa. Haukufutwa. Maneno tu yalibadilishwa: mahali pa raia wa mufalme wa Uingereza wakaandika raia wa India. Waziri Mukuu Nehru alisema kwamba watu wa milima waendelee kwa namna yao wenyewe, bila kulazimishwa desturi za wengine. Mushauri mukubwa katika mambo haya alikuwa Verrier Elwin, Mwingereza wa kuzaliwa, aliyekuwa padri wa Kianglikana katika ujana wake, akaacha kazi ile, akakaa miaka mingi na makabila ya India ya kati, mwishowe akawa raia wa India. Tangu 1954 alishauri utawala wa milima hii, na mwaka 1957 akatoa kitabu juu ya namna ya kuitawala. Elwin aliogopa wauza pombe na wakopesha feza. Aliogopa vilevile wamisionari. Sisi hatuwezi kumukubalia kwa neno hili la mwisho, ingawa tunajua kwamba mahali pengine wamisionari fulani walikataza ngoma na nguo za watu bila kufikiri. Hakuogopa bure kabisa.

Mwaka 1962 jeshi la China lilishuka katika milima hiyo, likafika Tawang na mbali zaidi, kisha likarudi. Tangu hapo serikali ililinda mulango kwa sababu mpya, ile ya mupaka. Mwaka 1972 inchi ikapewa jina la Arunachal Pradesh. Tarehe 20 Februari 1987 ikawa jimbo kamili. Kati ya miaka hii miwili, mwaka 1978, baraza lake lilipitisha sheria juu ya uhuru wa dini: kugeuza mutu dini kwa nguvu, kwa zawadi ao kwa udanganyifu ni kosa lenye kifungo cha miaka miwili na faini ya rupia 10,000, tena kila mabadiliko ya dini yaelezwe kwa mukubwa wa wilaya. Hivi padri alifungiwa mara mbili: karatasi ya kuingia hakupewa, na akiingia, hakuwa na ruhusa ya kubatiza kwa amani.

Basi Kanisa liliingia namna gani? Hapa wakatekista wasome vizuri. Mustari ulizuia mwenye kupanda. Mwenye kushuka hakuzuiwa. Vijana wa milima walishuka Assam kutafuta shule, na shule nyingi zilikuwa za mapadri na za watawa. Wakajifunza kusoma, wakaona maisha ya Wakristu, wengine wakaomba ubatizo. Wakati wa likizo walirudi kwao, wakapita mulango bila kuulizwa neno, kwani walikuwa wenyeji. Nyumbani walifundisha wazazi wao sala katika luga yao. Mapadri walijenga vituo chini ya milima, upande wa Assam, na watu walishuka kwa miguu kupata Misa na sakramenti, kisha wakapanda tena. Katika miaka ya 1970 makanisa ya miti na majani yalichomwa moto sehemu fulani, na Wakristu wakateswa na watu wa kabila lao. Hakukuwa na padri wa kuwafariji palepale. Waliojenga upya ni wao wenyewe.

Tazama hesabu. Mwaka 1971 Wakristu wa madhehebu yote hawakufika mutu mumoja katika watu mia. Katika hesabu ya 2011 walikuwa 30 katika mia, na wakaaji wote wa jimbo walipita 1,380,000. Wabatisti na wengine wamo katika hesabu ile, si Wakatolika peke yao. Tarehe 7 Desemba 2005 Roma ilianzisha diosezi mbili kwa siku moja, Itanagar na Miao. Wenye kufunga mulango walitaka kulinda dini ya zamani. Hawakufikiri kwamba neno linaweza kupanda katika kinywa cha mutoto wa shule.

Lakini tusifanye habari hii kuwa ya ushindi tu. Katika jimbo hilihili wanakaa Wachakma na Wahajong. Walikimbia Pakistani ya Mashariki, wengi kwa sababu mashamba yao yalifunikwa na maji ya bwawa la Kaptai, na serikali ya India iliwaweka milimani tangu 1964. Wenyeji hawakuulizwa. Miaka mingi imepita, watoto na wajukuu wamezaliwa pale, lakini wenyeji wengi wanasema: watu hawa walipita mustari bila haki, waondoke. Mwaka 1996 Mahakama Kuu ya India iliamuru serikali ya jimbo kulinda maisha yao, ugomvi haukwisha. Na tujiulize: wenyeji ni wachache, wanaogopa kumezwa kama walivyomezwa wengine chini, wakimbizi ni wazaifu zaidi, hawana mahali pa kurudi. Nani wa haki? Padri wa pale ana waamini ambao babu zao walipewa ulinzi na mustari, na jirani zao ni watu ambao mustari unawahukumu. Sisi wenye kukaa mbali tusiseme haraka.

Sheria imezidi kuwa na nguvu. Mwaka 2019, India ilipopitisha sheria mpya ya uraia kwa wakimbizi wa dini fulani, ilitenga sehemu zenye Mustari wa Ndani, na mwezi uleule wa Desemba jimbo la Manipur likaingizwa pia, pamoja na Nagaland, Mizoram na Arunachal zilizokuwa nayo. Hata sheria ya 1978 juu ya dini, iliyolala miaka mingi bila kanuni za kuitumia, iliamshwa: mwaka 2024 mahakama iliagiza kanuni ziandikwe, na mwanzoni mwa 2025 maelfu ya Wakristu wa Arunachal walikutana kuomba ifutwe.

Kwa mugeni wa leo, mambo ni hivi. Muhindi anaomba ruhusa kwa intaneti ao katika ofisi za jimbo zilizo Delhi, Kolkata ao Guwahati. Inaandikwa siku ngapi atakaa. Mutu wa inchi nyingine, Mukongo kama sisi, anahitaji ruhusa ya namna ingine, yenye asili katika amri ya 1958 juu ya wageni, nayo ni ngumu zaidi. Na anayeshuka na ndege katika uwanja wa Hollongi, uliofunguliwa Novemba 2022, asifikiri ameruka mustari: karatasi inaulizwa pale vilevile.

Mapadri wengi waliofanya kazi kule wametoka mbali, kusini ya India, hasa Kerala. Siku hizi kuna mapadri na watawa waliozaliwa milimani. Wanapofika Banderdewa pamoja, yule wa milimani anapita tu. Yule wa Kerala anatoa karatasi yake mufukoni, na siku zilizoandikwa juu yake zikiisha, inamupasa kuomba ingine.