Mpelelezi, mkewe na mbwa wao

 Nilipotea kidogo, kazi zilinibana.

Wiki iliyopita nilipita Kariakoo, kwenye kibanda ninachojazia muvi kwenye flashi. Kijana wa pale anajua ugonjwa wangu wa filamu za zamani, hunitania kwamba mimi naangalia marehemu watupu. Safari hii alinipakulia ya mwaka 1936, nyeusi na nyeupe, inaitwa After the Thin Man. Niliitazama usiku ule ule na mchumba wangu. Filamu haijafika hata nusu, mwenzangu ameshamtaja muuaji. Mimi, ripota ninayeshinda polisi na mahakamani, nikabishana naye mpaka dakika za mwisho. Alipatia. Muuaji ni nani sisemi, nisije nikatukanwa bure.

Kwa wasioijua, hii ni sehemu ya pili ya The Thin Man ya mwaka 1934, iliyotokana na kitabu cha Dashiell Hammett. Huyu Hammett alikuwa mpelelezi kweli wa kampuni ya Pinkerton kabla ya kushika kalamu. Stelingi ni Nick Charles, aliyeigizwa na William Powell, mpelelezi aliyeacha kazi akamuoa Nora, binti wa kitajiri. Nora ni Myrna Loy. Wana mbwa mdogo, Asta, ambaye naye ana kesi zake. Katika sehemu hii ya pili wanarudi San Francisco wamechoka, wanataka kulala tu. Wanakuta nyumba imejaa watu wanaosherehekea kurudi kwao, na wengi wa wageni hao hata hawawajui wenye nyumba. Halafu wanaitwa ukweni. Shangazi wa Nora hampendi Nick hata kidogo, lakini mume wa binamu yake Nora ametoweka na familia haitaki aibu ya polisi. Aliyewahi kuitwa kikao cha ukweni anajua Nick alivyokaa kwenye kile kiti.

Utamu wa filamu hizi ni ile ndoa. Wanataniana, wanakunywa, wanagombea nani anaijua siri, na Nora hakubali kuachwa nyumbani. Walioandika filamu hiyo, Frances Goodrich na Albert Hackett, walikuwa mke na mume kweli, na mimi naona ndiyo maana maneno yanakaa vizuri mdomoni.

Sasa nije kwenye kilichonikosesha usingizi: huo mwaka wenyewe, 1936.

Ukitoka Kariakoo kwa miguu, ukikata Mnazi Mmoja, unaingia mitaa ilikokuwa na majumba ya sinema ya mjini: Avalon, Empire, Odeon na mengine. Leo tunavuka Mnazi Mmoja bila kufikiri, tukikwepa bodaboda. Lakini uwanja ule uliachwa wazi makusudi. Jiji liligawanywa kwa rangi: Uzunguni kule baharini, Uhindini katikati, na Kariakoo na Ilala zikawa za Waafrika. Mnazi Mmoja ndiyo ilikuwa mpaka.

Na filamu ziligawanywa vivyo hivyo. Wakaguzi wa serikali ya Tanganyika waliweza kuipitisha filamu kwa Wazungu na Wahindi, lakini Mwafrika asiione. Hofu ilikuwa ya namna mbili. Ya kwanza, eti Mwafrika akiona wizi na mauaji atakwenda kuiga. Ya pili, ambayo nadhani ndiyo iliwauma zaidi, ni kwamba akimwona Mzungu amelewa, anadanganya na anamuua mwenzake, heshima ya mtawala itakwisha. Sasa chukua filamu hii, uiweke mbele ya mkaguzi wa namna hiyo. Mwanamke wa Kizungu, tajiri, anakaa klabu ya usiku na majambazi waliotoka jela, anacheka. Polisi wanababaika. Familia ya kifahari imeoza ndani. Kwetu leo ni vichekesho vya kutazama ukila karanga.

Mwaka huo huo, kule Vugiri kwenye milima ya Usambara, kulikuwa na mradi wa kutengeneza filamu za kumfaa Mwafrika. Ulianza mwaka 1935 ukaisha 1937, kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani, chini ya Meja Notcutt. Walitoa filamu 35, za kilimo, usafi, minyoo. Moja ilihusu benki ya posta: jamaa anafukia fedha zake, mwizi anazichimbua, mwenzake aliyeweka benki anatabasamu. Yaani hata sisi tulipewa hadithi ya wizi, ila bila mpelelezi. Ilitosha kuambiwa tufungue akaunti.

Mpelelezi tulikuja kujiandikia wenyewe. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1960 Mzimu wa Watu wa Kale kikatoka, Bwana Msa na kiko chake mdomoni. Si polisi, ni raia mwenye akili, kama Nick, na vitabu vyake vikafuatana mpaka miaka ya 1980. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla akatuletea Simu ya Kifo na Inspekta Wingo. Kisha Elvis Musiba na Willy Gamba wake, kuanzia Kufa na Kupona ya 1974. Kisha Ben Mtobwa na Joram Kiango. Hivi vitabu baba zetu walivisoma mpaka majalada yakachanika.

Lakini hebu niambieni, mke yuko wapi? Bwana Msa anapeleleza na rafiki yake Najum. Willy Gamba ana warembo, na mrembo kwake aghalabu ni mtego au zawadi. Aliyekaribia ni Nuru wa Joram Kiango, anayeingia naye hatarini bega kwa bega, lakini si mkewe. Waandishi wetu waliichukua bastola, gari la kasi na hoteli, wakaiacha nyumba. Naona tulipoteza kitu, maana katika mji huu siri nyingi hufichukia nyumbani na jikoni. Ukitaka kujua nani kamwibia nani Kariakoo, usianzie kituoni, anzia kwa mama ntilie.

Mwisho wa filamu naweza kuusema, kwa sababu hauhusu muuaji. Kesi imekwisha, wako ndani ya treni, Nora anafuma kwa sindano. Nick, bingwa wa kunusa ushahidi, anatazama bila kuelewa, mpaka agundue kwamba kile kinachofumwa ni soksi ya mtoto mchanga. Hakuwa na habari kabisa.

Hapo nilicheka sana. Mchumba akaniangalia, akauliza nacheka nini, kwani mimi ningejua?

Zimebaki nne, ya mwisho ni ya 1947. Kesho narudi kwa yule kijana na flashi yangu.